Magoti yangu na ngazi za Tikal

SWALI: Anti, habari za kazi. Mimi ni mama wa miaka 56, nakaa Tabata. Mwanangu anafanya kazi Guatemala, kanialika mwezi wa tatu, anasema atanipeleka Tikal kwenye magofu ya mji wa kale wa Wamaya, wenyeji wa huko, tutembee kutwa nzima. Sasa mimi magoti yananisumbua, ghorofa mbili tu nahema. Niende au nibaki hotelini?

JIBU: Nzuri mama, na shikamoo. Nenda! Tikal sehemu kubwa ni kutembea siyo kupanda, unapita msituni kwenye kivuli, na njia zingine ni barabara pana walizojenga Wamaya wenyewe ila siku hizi zinaitwa Maudslay, Maler, majina ya watafiti wa kizungu, utadhani wao ndo walibeba mawe. Asubuhi ukisikia muungurumo juu ya miti usikimbie, siyo simba, ni kima tu, kadogo ila koo lake balaa. Halafu mwombe mwanao akuoneshe mti wa ceiba, utacheka, ni msufi huu huu tunaojazia mito, kwa Wamaya ulikuwa mti mtakatifu.

Haya, magoti. Hekalu la Kwanza, lile la kwenye picha zote, siku hizi hawaruhusu kulipanda, kwa hiyo hapo utakaa uwanjani kama wenzio. Wanalopanda watu ni la Nne, lina mita kama 65, wameweka ngazi za mbao pembeni. Mimi nilipumzika mara sijui ngapi, watoto wakanipita, wala sikuona aibu, ila kule juu mama, msitu mpaka macho yanachoka na vichwa vya mahekalu vimechomoza juu ya miti. Kushuka ndo kunauma goti kuliko kupanda, shuka pole pole. Likikataa kabisa, mwache mwanao apande wewe kaa chini, hujapungukiwa.

Anzeni na hilo la Nne mkiwa na nguvu, uwanja mkubwa muumalizie mkirudi. Maji bebeni ya kutosha, joto lake ni la Dar kabisa, na mji ule haukuwa na mto, walikinga mvua kwenye mabwawa, viwanja vimepigwa plasta vikainamishwa maji yateremke huko, ndo simtanki zao hizo. Na sendo acha hotelini, mawe ya chokaa yakilowa yanateleza kama bamia, vaa raba yenye soli nzima.