Vyuma huna, lakini dumu unalo

Ndugu, umeuliza kama madumu ya maji na begi la mgongoni vinaweza kujenga misuli bila kwenda jimu. Vinaweza kabisa. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo dumu la lita 5 likijaa ni kilo 5 na ushee. Ukitaka zito zaidi tia mchanga mkavu, ujazo uleule utakupa karibu mara moja na nusu. La maji lijaze mpaka shingoni. Likiwa nusu, maji huchezacheza na kukuyumbisha mkono. Mpini ukikata kiganja, uviringishie kitambaa.

Mimi napendelea begi. Panga vitabu, vibane kwa nguo visihame, livae ukichuchumaa na kusimama, au ukipiga pushapu. Mgongo wengi huusahau: inama kiunoni, uti umenyooka, vuta dumu hadi ubavuni.

Piga seti 3 za mara 8 hadi 15, siku 3 kwa wiki, usizifuatanishe. Ukifika 15 bila kutetereka, ongeza kitabu. Na kagua mishono ya begi kabla hujaliinua juu ya kichwa.