Makro ya Excel inahamisha faili moja tu, kisha inagoma

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Ankara za wateja nazihifadhi kwa PDF kwenye D:\Ankara. Shiti yangu ya Excel ina jina la faili kolamu A na hali ya malipo kolamu B. Makro yangu inapita folda hiyo kwa Dir na kupeleka zilizolipwa D:\Zilizolipwa, ila kwanza inaangalia, kwa Dir pia, kama jina hilo halipo tayari kule. Ya kwanza inahama vizuri, halafu linakuja kosa namba 5. Nakosea wapi?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Kinachokukwamisha ni huo ukaguzi, ingawa ni wa busara na usiuondoe.

Dir, amri ya kutafuta faili ndani ya makro, inakumbuka utafutaji mmoja tu. Ukiipa njia (anwani ya folda au faili), inaanza upya na kusahau ilikokuwa. Ukiiita bila kitu, inaendelea na utafutaji wa mwisho. Ulipoiuliza habari za D:\Zilizolipwa, ikaiacha kabisa orodha ya D:\Ankara. Haikuona kitu kule, faili ikahama, kisha ukaiita tena ikupe inayofuata. Inayofuata ipi, na utafutaji wa mwisho umeshafika mwisho? Ndipo linapotoka kosa namba 5.

Kwa kuwa majina unayo tayari, acha shiti iongoze kazi badala ya folda:

Sub HamishaAnkara()
  Const TOKA = "D:\Ankara\"
  Const KWENDA = "D:\Zilizolipwa\"
  Dim i As Long, jina As String
  With ThisWorkbook.Worksheets("Ankara")
    For i = 2 To .Cells(.Rows.Count, 1).End(xlUp).Row
      jina = Trim(.Cells(i, 1).Value)
      If jina <> "" And .Cells(i, 2).Value = "Imelipwa" And .Cells(i, 3).Value <> "Imehamishwa" Then
        If Dir(TOKA & jina) = "" Then
          .Cells(i, 3).Value = "Haipo"
        ElseIf Dir(KWENDA & jina) <> "" Then
          .Cells(i, 3).Value = "Ipo tayari"
        Else
          Name TOKA & jina As KWENDA & jina
          .Cells(i, 3).Value = "Imehamishwa"
        End If
      End If
    Next i
  End With
End Sub

Badilisha "Ankara" iwe jina la shiti yako, na kolamu A iwe na jina kamili pamoja na .pdf. Sharti la jina <> "" usiliguse: seli ikiwa tupu, Dir itapewa folda peke yake na kukurudishia faili yoyote iliyomo, na makro itadhani imepata ilichotafuta. Mkwaju wa mwisho (\) kwenye njia zote mbili nao ni wa lazima.

Jambo ninalokusisitizia zaidi ni kolamu C, ambako makro inaandika matokeo ya kila faili. Makro ikishahamisha faili, Ctrl+Z haiirudishi. Kumbukumbu pekee ya kilichotokea ni hiyo unayoiandika mwenyewe, na hizi ni ankara za watu. Jaribu kwanza kwenye nakala ya folda, funga PDF zote zilizo wazi, na hifadhi kitabu chako kama .xlsm, la sivyo makro haitabaki ndani.

Penye "Ipo tayari", usilazimishe. Name, amri inayohamisha faili, haifuniki faili iliyopo, husimama kwa kosa namba 58, na ni heri iwe hivyo. Fungua zote mbili, linganisha namba ya ankara na kiasi. Zikitofautiana, mpe mojawapo jina jipya, sahihisha kolamu A, kisha endesha makro tena.