Kifo cha huyo mtoto usikipeleke sokoni Kadutu

Dada, acha kwanza. Umeuliza hadithi yako ya kuwahamasisha watu wa soko la Kadutu, huko Bukavu, kuhusu ugonjwa wa mpox iwe na dakika ngapi, na kama uisimulie kwa Kiswahili au kwa Mashi, lugha ya huko. Mimi nimekwama pale uliposema kwamba itaishia kwenye kifo cha mtoto aliyecheleweshwa kwa mganga.

Ebola ilipofika hapa Goma Julai 2019, mkufunzi mmoja aliyeletwa kwa ndege alitufundisha sisi wauguzi kwamba msikilizaji asiyelia habadiliki. Nilimwamini, labda kwa sababu kizibao chake kilikuwa na mifuko mingi kuliko vitu vya kutia humo. Nikaenda mtaa wa Majengo, nikasimulia habari za mama aliyefichwa na jamaa zake hadi akafikishwa CTE, yaani kituo cha kutibia Ebola, akiwa hoi, akafia humo. Nilikusudia wachukie kuchelewa. Wao walielewa kwamba kule ndiko watu wanakofia. Akina mama walilia kweli, na mkufunzi akapiga picha zake akaridhika. Kisha familia iliyokuwa imeketi mbele kabisa ikamficha babu yao mwenye homa, na tulipobisha hodi nikaulizwa kama si mimi niliyesema kwamba anayeingia CTE hatoki. Babu hakuwa na Ebola hata kidogo: alikuwa na malaria, akafa nayo chumbani, ilhali dawa ilikuwepo. Mkufunzi wakati huo alikwisha panda ndege, bila shaka kwenda kuwaliza wengine.

Kinachonikera zaidi ni kwamba Agosti ya mwaka uleule Profesa Muyembe, mtaalamu wa Ebola wa Kongo, na wenzake walitangaza matokeo ya majaribio ya dawa za Ebola: kati ya waliopewa mapema dawa mbili zilizofanya vizuri zaidi, virusi vikiwa bado vichache mwilini, takriban 9 katika kila 10 walipona. Waliopona walikuwepo, wengine wakiwalea watoto wa wagonjwa kule Beni na Butembo, nasi tukawa tunasimulia makaburi.

Mpox nayo huwaacha hai walio wengi. Kwa nini uwachagulie watu wa Kadutu yule asiyepona? Mhusika wako awe mtu aliyefanya lile unalotaka wasikilizaji walifanye, akatoka mzima. Mtafute mama ambaye mtoto wake ametibiwa akapona, umwombe ruhusa, asimulie mwenyewe, kwanza mbele ya majirani wachache. Wakimuuliza kituo kiko wapi na wanalipisha kiasi gani, mpeleke sokoni. Wakiuliza nani mwingine amekufa, rudini mkaipange upya.