Mwenzangu Hajakubali

Mhariri, mmeuliza juma hili: "Je, ni haki nchi kubwa na nchi ndogo ziwe na kura sawa katika mashirika ya kimataifa?" Nawajibu nikiwa na hasira kidogo, na hasira yenyewe ni ya mwaka 1977. Ndiyo maana huenda nisijibu mlichouliza hasa. Mimi kinachonikera si uzito wa kura ya nani. Kinachonikera ni hiki: mmoja akikataa kuja kikaoni, waliokuja wafanye nini?

Sisi watoto wa kota za Reli hapa Kisumu tulilijua swali hilo kabla ya kujua kugawanya kwa desimali. Baba alikuwa fundi wa mitambo kwenye chelezo cha bandari. Mwajiri wake hakuwa Kenya, alikuwa Afrika Mashariki nzima: ile Jumuiya ya kwanza, iliyotiwa saini Kampala mwaka 1967, ndiyo iliyokuwa na reli, meli za ziwani, posta na ndege. Juu kabisa palikuwa na Mamlaka ya marais watatu. Januari 1971 Amin akampindua Obote, Nyerere akasema hataketi meza moja na Amin, na Mamlaka ile haikukutana tena mpaka Jumuiya ikafa. Miaka sita. Hata chama cha mazishi cha Manyatta hakikai miaka sita bila kikao, na hicho hakina ndege.

Najua wasomi watanisahihisha: viwanda vya Kenya vilikuwa vikinufaika kuliko vya wenzetu, siasa za Nairobi na za Dar es Salaam zilikuwa zimepishana, na Reli ilikuwa ikichanika kimyakimya hata kabla ya hapo. Sawa. Lakini yote hayo yalihitaji kikao, na kikao hakikuwepo. Februari 1977 Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Kufika katikati ya mwaka hapakuwa na Jumuiya. Zile meli mbili za kubeba mabehewa, Uhuru ikabaki kwetu na Umoja ikawa ya Mwanza, na wazee wa bandarini waliutumia mzaha huo mpaka ukachuja.

Basi nilipokaa kuandika jibu hili nilikuwa na hukumu tayari: sheria ya "mpaka wote waafikiane" ni ugonjwa, na anayetoa zaidi awe na usemi zaidi. Angalieni Jumuiya ya sasa. Mkataba wa 1999 ulisema maamuzi ya marais ni kwa maafikiano, na ulitaka kila nchi ichangie bajeti sawa na nyingine, iwe Kenya au Burundi. Novemba 2018 Burundi haikutokea Arusha, mkutano wa wakuu ukaahirishwa mpaka Februari iliyofuata. Wakati huo wanachama walikuwa sita. Leo, tangu Somalia iingie mwaka 2024, ni wanane. Hesabuni wenyewe ni wangapi wanaoweza kukataa kuja.

Hapo ndipo nilipokumbuka cherehani.

Mama yangu na jirani yetu, Mama Rehema, mtu wa Mwanza ambaye mumewe alikuwa karani wa mizigo, walinunua cherehani ya miguu kwa ubia, mwaka 1973 au 1974. Singer nyeusi yenye maua ya dhahabu yaliyokuwa yameanza kufutika. Mama alitoa theluthi mbili, Mama Rehema theluthi moja, kwa sababu mwezi ule alikuwa amempeleka mtoto hospitali. Walishona sare za shule, na kabla ya Krismasi nguo za wasichana. Walikuwa na sheria moja tu, na waliitamka mbele ya waume zao ili baadaye asiwepo wa kujifanya hakusikia: haiazimwi, haiuzwi, haihamishwi chumba, ila wote wawili wakubali. Baba aliguna. Alisema hajawahi kuona mwenye theluthi akalingana na mwenye mbili. Mama Rehema akamjibu, "Shemeji, mashine haina theluthi. Ukitoa gurudumu, hizo mbili zako zitashona nini?"

Januari 1977 mume wa Mama Rehema alihamishiwa Mwanza. Waliondoka kwa meli. Nakumbuka masanduku mawili, godoro lililoviringishwa kwa kamba ya katani, na Rehema mwenyewe akilia kwa ajili ya paka. Cherehani ilibaki. Walikubaliana kwamba Pasaka Mama Rehema angerudi, waamue kama wauze au mmoja amnunue mwenzake. Mwezi uliofuata mpaka ukafungwa. Pasaka ikaja, ikapita.

Mwaka 1979 nilikuwa naingia kidato cha kwanza na karo haikutosha. Baba, ambaye kwa wakati huo alikuwa akilipwa na shirika jipya na kwa kuchelewa, alileta mnunuzi nyumbani, fundi mmoja kutoka soko la Jubilee mwenye pesa mfukoni. Yule bwana aliikagua cherehani, akazungusha gurudumu, akasifu sindano. Mama akasema haiuzwi. Kwa nini? "Mwenzangu hajakubali." Baba akasema mwenzako yuko nchi nyingine, mpaka umefungwa, na wewe una theluthi mbili. Mama hakubadilisha hata neno moja: "Mwenzangu hajakubali." Fundi akaondoka. Mimi nikaingia shule wiki tatu baada ya wenzangu, na nilimchukia Mama Rehema kwa chuki ambayo sasa naionea haya, maana maskini hakujua hata kama kuna mnunuzi.

Tuliishi na jibu hilo karibu miaka saba. Shangazi aliomba kuazima, mwenzangu hajakubali. Tulipohamia Nyalenda, cherehani ilihama pamoja nasi, na mama aliandika barua ya kuomba radhi kwamba imehamishwa chumba bila idhini, barua ambayo sidhani kama ilifika.

Mpaka ulifunguliwa Novemba 1983. Mama Rehema alikuja mwaka uliofuata, kwa basi kupitia Sirari, amenenepa, amevaa miwani. Walilia, walikula ngege na kuon, yaani samaki na ugali, walicheka habari za paka. Kisha wakaiuza ile cherehani kwa fundi mwingine, kwa bei ambayo Baba aliihesabu mara mbili akatoka nje. Mama akatenga mafungu matatu mezani, akasukuma moja. Mama Rehema akalihesabu, akalifunga kwenye leso, halafu akamuuliza mama, binti wa Alego, kwa upole kabisa: "Na zile sare ulizoshona miaka saba, Nyar Alego?"

Sikuwahi kulifikiria hilo mpaka naandika. Miaka yote mama aliposema "mwenzangu hajakubali" mimi niliona uaminifu, na uaminifu ulikuwepo. Lakini cherehani ilikuwa chumbani kwetu. Kila siku ambayo mwenzake hakukubali iuzwe, mama alishona. Sheria ya wote wakubali haikumlinda aliyekuwa mbali hata kidogo. Ilimlinda aliyekuwa ameikalia.

Sasa tazameni New York kwa jicho hilo. Baraza la Usalama lina viti 15, vitano vya kudumu vyenye kura ya turufu: mmoja wao akikataa, jambo halipiti. Ili kuubadilisha Mkataba wa Umoja wa Mataifa unahitaji theluthi mbili ya wanachama wote, kisha wale watano wote waridhie. Yaani ili uiondoe cherehani chumbani kwa mtu sharti yeye mwenyewe akubali. Mwaka 1965 Baraza lilipanuliwa kutoka viti 11, na hakuna hata mmoja wa wale watano aliyepoteza kitu. Nasi Waafrika, kwa msimamo wa Umoja wa Afrika uitwao wa Ezulwini, wa 2005, hatusemi turufu iondolewe mara moja. Tunasema maadamu ipo, na sisi tupewe, viti viwili vya kudumu na turufu zake. Namwelewa anayesema hivyo. Mama Rehema naye angependa cherehani ikae kwake.

Na ile dawa niliyokuja nayo, kwamba anayetoa zaidi aseme zaidi? Iko tayari, nendeni mkaione Shirika la Fedha la Kimataifa. Kura huko zinafuata mchango. Marekani ina zaidi kidogo ya asilimia 16, na mambo makubwa yanahitaji asilimia 85, kwa hiyo nchi moja peke yake yaweza kuyazuia. Tumerudi kulekule, tofauti ni kwamba safari hii ulinunua turufu yako kwa risiti.

Tena kuna jambo la nyumbani linalonifunga mdomo. Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, ambalo ofisi yake iko Jinja, liliasisiwa kwa mkataba uliotiwa saini hapahapa Kisumu mwaka 1994. Kenya ina takriban asilimia 6 tu ya ziwa hili, lililobaki ni la Tanzania na Uganda. Kiti chetu mezani ni sawa na chao. Siku wakisema usemi uende kwa maji, mvuvi wa ufukwe wetu wa Dunga atazungumza kwa sekunde ngapi? Kwenye Jumuiya, ambako sisi ni wakubwa, tunataka mizani. Kwenye ziwa, ambako sisi ni wadogo, tunataka usawa. Sijawahi kumsikia mwanasiasa wetu akisema yote mawili kwenye jukwaa moja.

Basi andikeni kura yangu hivi: kila nchi kura moja, na theluthi mbili zitoshe. Asiwepo mwenye turufu, na asiyekuja akutwe na maamuzi. Ndiyo, najua nasema nini nikiwa Kisumu. Februari 2025 kule Addis Ababa, katika uchaguzi wa mwenyekiti wa Kamisheni ya Umoja wa Afrika, sheria hiyohiyo ndiyo iliyomwangusha Raila, Mungu amrehemu. Raundi ya kwanza aliongoza kwa kura 20 dhidi ya 18 za Mahmoud Ali Youssouf, na katika ya saba yule wa Djibouti akazipata 33, ambazo ni theluthi mbili za nchi 49 zenye haki ya kupiga kura, bila hata moja ya akiba. Djibouti, nchi ndogo vile. Mji huu ulinyamaza jioni ile kama umefiwa, na mimi nilikuwa wa kwanza kusema kura sawa ni wizi. Nilikuwa na hasira. Kesho mkiniuliza tena, kukiwa na mgombea wetu mwingine, sitawaahidi jibu hilihili.

Mambo ya vita na amani nayaacha kando. Huko sijui kama ningependa nchi yangu ipelekwe na theluthi mbili za wengine.

Zile sare, mama alizilipia. Hawakuwa na daftari, wakakadiria, wakabishana usiku kucha kuhusu nani alinunua mafuta na mkanda wa gurudumu, na asubuhi wakafika kwenye kiasi ambacho kila mmoja alisema ni cha dhuluma. Mama alikituma kwa awamu tatu kwa mkono wa kondakta wa basi la Sirari, ya mwisho mwaka 1986, ikiwa imepungua shilingi kumi na tano za mkanda.