Mjomba anasema nisome uhasibu kwanza, sheria nije kusoma baadaye

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 20, naishi Mwanza, nimemaliza kidato cha sita mchepuo wa HGL na nangoja matokeo. Nataka kuwa wakili tangu nilipokuwa namsindikiza mama Mahakama ya Mwanzo kwenye mirathi ya babu. Mjomba wangu yuko Toronto. Anasema kuingia sheria moja kwa moja kutoka sekondari ni mambo ya kizamani, wenzetu husoma digrii nyingine kwanza ndipo wanasoma sheria wakiwa wamekomaa. Anataka nisome uhasibu hapa nyumbani, kisha atanichukua nikasomee sheria Canada. Baba amelidaka hilo wazo kwa sababu anaamini wanasheria wamejaa mtaani. Mama hasemi kitu. Nifanye nini? – Binti wa Nyakato*

Marahaba mwanangu.

Mjomba wako hajakudanganya, ila amekueleza utaratibu wa anakoishi yeye. Canada, ukiacha Quebec, na Marekani yote, mtoto aliyetoka sekondari haingii kitivo cha sheria. Anasoma kwanza chuo miaka kadhaa, somo lolote, halafu anafanya LSAT, mtihani wa kuombea nafasi ya sheria, na kuomba JD, shahada yao ya sheria ya miaka mitatu. Kwa hiyo hao anaowaona wamesoma digrii nyingine kwanza hawakuketi wakachagua kukomaa. Ndiyo njia waliyoikuta. Wanaochagua kweli ni Waingereza: kijana anaweza kusoma LLB, yaani shahada ya kwanza ya sheria, miaka mitatu, au akasoma historia ama kemia, kisha akafanya kozi ya mwaka mmoja ya kuhamia sheria. Aliyechelewa analipia mwaka mmoja tu.

Hapa kwetu hesabu ni nyingine kabisa, na hapo ndipo nataka ukae na baba yako mkiwa na kalamu na karatasi. Tangu Kitivo cha Sheria kilipofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1961, LLB imekuwa shahada ya kwanza. Ukija na digrii ya uhasibu hakuna JD inayokungoja, wala kozi fupi ya kuhamia. Utaanza mwaka wa kwanza, utakaa benchi moja na mdogo wako aliyetoka kidato cha sita juzi, na utasoma mikataba, jinai na ardhi kama yeye. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam LLB ni miaka minne. Baada ya hapo kuna mwaka wa Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ile ambayo sote tunaiita Law School, na bila hiyo huapishwi kuwa wakili. Ukianza sasa, ni miaka mitano mambo yakienda sawa. Ukipitia uhasibu, ongeza mitatu mbele.

Halafu kuna pesa, na hili naona hakuna aliyekugusia. Bodi ya Mikopo inamkopesha anayesoma shahada ya kwanza. Ukishaitumia nafasi hiyo kwenye uhasibu, LLB utailipia mfukoni mwako au mfukoni mwa baba. Na ukiwa umeajiriwa, deni la kwanza litakuwa linakatwa asilimia 15 ya mshahara wako huku unatafuta ada ya digrii ya pili. Mwulize baba kama hilo amelipigia hesabu.

Sasa ahadi ya Canada. Simjui mjomba wako na sina sababu ya kumshuku. Ila ada ya JD kwa mwanafunzi mgeni kwenye vyuo vikubwa vya huko ni makumi ya maelfu ya dola kwa mwaka, kwa miaka mitatu, kabla hujala wala kulipa kodi ya chumba. Ahadi ya namna hiyo itakayotimizwa baada ya miaka mitatu inategemea kazi yake, afya yake, familia yake na viza yako. Mshukuru kwa heshima, kisha mwombe msaada ulio karibu: kompyuta, ada ya mwaka wa kwanza, nauli. Mtu mwenye nia njema atafurahi kuombwa kitu anachoweza kukitoa leo. Na mweleze pia kwamba LLB ya Tanzania haikufungii mlango wa kwake. Canada wana kamati ya kitaifa inayopima shahada za sheria za nje. Wanakuangalia ulisoma nini, wanakupangia mitihani ya kujazia, ukifaulu unaendelea na taratibu za leseni za jimbo. Ni safari ndefu, lakini wako waliokwenda na LLB za huku kwetu wakaipita.

Baba yako naye ana hoja, tusimbeze. Wanasheria ni wengi na ajira ni chache, na Law School inachuja. Mwaka 2022 nchi nzima ilishtuka matokeo yalipotoka: kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Wengine 342 walitakiwa kurudia baadhi ya mitihani, na 265 wakaondolewa. Serikali iliunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe kuchunguza kulikoni. Lakini mzazi akilitumia hilo kukusukuma kwenye uhasibu kwanza, mwulize uhasibu ungemsaidiaje mtu kufaulu mitihani ile. Kinachosaidia ni kuandika Kiingereza kilichonyooka, kusoma hukumu zenyewe badala ya kukariri notisi za waliotangulia, na kutumia likizo kwenye ofisi ya wakili hata kama kazi yenyewe ni kupanga mafaili. Ndiyo, sheria ilibadilishwa mwaka 2021 Kiswahili kikawa lugha ya mahakama, na mimi nilishangilia. Ila darasani bado ni Kiingereza, na vitabu ni Kiingereza.

Kama baba anachopenda ni namba, mpe na hii: mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu, haiwafungii nje wenye shahada isiyo ya uhasibu, ingawa wataanzia ngazi ya chini zaidi. Mwanasheria wa kodi anayejua kusoma hesabu za kampuni hakosi wateja. Unaweza kuupata huo mchanganyiko ukianzia upande wa sheria, bila kurudi chuoni miaka mitatu.

Nisieleweke kwamba kuja kwenye sheria baadaye ni kosa. Wako walimu, askari polisi na maofisa wa benki wanaosoma LLB Chuo Kikuu Huria huku wanafanya kazi, na wengi wao ni wanafunzi wazuri kuliko vijana, kwa sababu wanajua wanatafuta nini. Lakini hao walikuwa na maisha mengine kwanza. Wewe huna maisha mengine, una miaka 20 na digrii unayopangiwa na watu wawili ambao hawataingia darasani kwa niaba yako.

Ningekushauri vingine kwa sababu moja tu: kama sheria yenyewe huna hakika nayo. Barua yako ina maneno mengi ya mjomba na ya baba, na sentensi moja tu kuhusu kwa nini wewe unaitaka, na sentensi hiyo ni ya kesi ya mama yako. Huruma kwa mama ni sababu nzuri ya kuanza. Sijui kama itakuvusha muhula wa pili ukiwa na kurasa mia za hukumu mbele yako. Basi tumia wiki hizi. Kesi nyingi husikilizwa hadharani, kwa hiyo nenda Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki hapo Mwanza, vaa vizuri, zima simu, kaa nyuma usikilize. Utaona mashauri mengi yanaahirishwa, na hiyo nayo ni kazi ya uwakili. Jioni fungua TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania, kwenye simu, hukumu ziko bure, usome mbili tatu za mirathi mpaka mwisho. Ukiona umechoka vibaya ukurasa wa tano, niandikie tena, tutazungumza habari ya uhasibu bila aibu yoyote. Ukijikuta unabishana na jaji kichwani, omba LLB.

Na usiombe Dar peke yake. SAUT, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, ipo hapo Malimbe, ina LLB, na ukisoma ukitokea nyumbani gharama ya chumba na chakula inaondoka, jambo litakalomlainisha baba kuliko hotuba yangu. Linganisha ada na idadi ya miaka ya kila chuo kabla ya kujaza fomu. Cheti cha kuzaliwa na nyaraka za mkopo zitengeneze sasa, usingoje matokeo, maana RITA wakati huo foleni yake unaijua.

Mama anayekaa kimya mwite pembeni kabla ya kikao na baba. Yeye ndiye aliyesimama mahakamani kwenye ile mirathi, na nadhani ana la kusema.

Shangazi