Hamingbedi hawaji? Anza na hiyo asali

Dada umeuliza kwa nini kilishio chako (kile chombo cha kutundika cha kulishia ndege maji matamu) huko Ohio, Marekani, kinajaa nyuki na sisimizi tu, hamingbedi (hummingbird, yule ndege mdogo wa Amerika anayenyonya maua) haonekani, na umesema umeweka asali safi na rangi nyekundu. Hiyo asali itoe leo hii, ikishachanganywa na maji inachacha na kuota fangasi na inaweza kumuua ndege. Weka sukari nyeupe ya kawaida, kikombe 1 kwa vikombe 4 vya maji, koroga mpaka iyeyuke yote basi, rangi usitie kabisa, wekundu wa kilishio chenyewe unatosha kumvuta.

Halafu joto la Julai linaharibu hayo maji haraka mno, ukiona yamekuwa meupe meupe kama maji ya mchele ujue yameshaharibika, mwaga, wakati wa joto kali badilisha kila baada ya siku 2 na usugue vile vitundu vya kunywea kwa brashi ndogo na maji ya moto maana ule uchafu mweusi unajificha humo humo. Sisimizi watundikie kikopo cha maji juu ya kilishio, hawavuki. Na ukiona dume mwenye koo jekundu anafukuza wenzake wote ndo walivyo hao, weka kilishio kingine upande wa pili wa nyumba ambako haoni.

Panda na maua ya salvia nyekundu pia ila usiyabananishe, hawa sio kama ndege chozi wa kwetu anayependa kutua, hawa wananyonya huku wananing'inia hewani. Ohio wanaingia mwishoni mwa Aprili, tundika mapema kidogo.