Jibu: Vijana wa kata yangu hawataki ufundi, nifanyeje?

Ndugu yangu, umeuliza utawavutaje vijana kwenye ufundi wakati kila mmoja anawaza bodaboda. Nimemaliza mwaka wa kwanza wa kazi hiyohiyo ya kuwavuta vijana kwenye ufundi hapa Kigoma.

Miezi ya mwanzo niliipoteza kwa hotuba. Vipeperushi mkononi, wanafunzi wanapiga makofi, basi. Mambo yalibadilika nilipomleta fundi wa mashua kutoka Kibirizi na vifaa vyake. Aliweka mbao mbili mezani, akaanza kukalafati, yaani kuziba mwanya wa mbao maji yasipenye: pamba inasukumwa kwenye mwanya kidogo kidogo, tok, tok, tok. Halafu akampa nyundo binti wa kidato cha nne. Darasa kimya! Siku hiyo hata posho hakuna aliyeiulizia.

Wazazi ndio mtihani, hasa ukiwatajia VETA, yaani vyuo vya ufundi stadi. Mzee mmoja wa Ujiji aliniuliza, "Mwanangu hakufeli, VETA aende kutafuta nini?" Sikubishana. Nikamuuliza mara ya mwisho alimlipa fundi umeme shilingi ngapi. Akacheka, akaniitia chai.

Kingine, usiwasahau walioko gereji tayari bila cheti. VETA wana utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini: fundi anapimwa, anapigwa msasa pale alipopungukiwa, kisha anapewa cheti. Haanzi upya kama mtoto wa shule. Nilipolitaja hilo kwenye gereji moja ya Mwanga, watu waliweka spana chini wakanizunguka. Mimi nililijua mwezi wa tisa, nimeshachelewa. Wewe anza nalo.